Aliyetuchagulia Pikipiki

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya mkate hapa Butembo. Mwanamume mmoja aliyesimama mbele yangu alimwambia mwenzake kwamba yule mzee aliyekuwa akichagulia watu moto, kama tunavyoziita pikipiki hapa kwetu, amefariki baada ya kuugua kifua kwa miezi mingi. Mwenzake alisikitika, akasema marehemu alikuwa fundi kweli kweli, kisha akaongeza: «Mais ile moto nyekundu ya Baitalia ilimushinda.» Wakacheka kidogo, bila ubaya, jinsi watu wanavyocheka kosa la marehemu waliyempenda. Mimi nilichukua mkate wangu nikaondoka bila kusema neno. Nimekuwa nikinyamaza hivyo tangu wakati wa vita. Leo nawaeleza ninyi mnaonisoma kila juma, kwa sababu mji huu umemzika mtu pamoja na kosa ambalo halikuwa lake.

Vijana hawajui jinsi pikipiki kuukuu zilivyonunuliwa miaka ile, wakati huku kwetu tulitawaliwa na waasi na serikali ya Kinshasa tuliisikia redioni tu. Ziliingia kupitia mpaka wa Kasindi, zimebanwa katikati ya marobota ya mitumba na friji zilizokufa. Hakuna aliyethubutu kununua peke yake. Ulikwenda naye, tena mapema, kabla muuzaji hajawasha injini, maana kitu cha kwanza alichofanya ni kuigusa injini kwa mgongo wa mkono. Akikuta ina joto aligeuka akaenda zake, kwa kuwa muuzaji aliyeiwasha mapema ana ugonjwa anaouficha. Akikuta ni baridi, alichuchumaa. Alisugua oili kati ya vidole viwili akainusa. Aliangalia ncha za breki na vikanyagio, maana pikipiki iliyowahi kuanguka hukwaruzika hapo kwanza. Muuzaji hakumwuliza lolote. Aliporidhika aliweka kiganja juu ya tangi la petroli, mbele ya muuzaji na mnunuzi, na biashara ikawa imekwisha. Kiganja kile ndicho kilikuwa hati yetu. Kuanzia siku hiyo, injini ikifa kwa ugonjwa ambao alipaswa kuuona, aliitengeneza mwenyewe bila ubishi hadi itembee. Na pikipiki ambayo hakuiwekea mkono, mwenye akili hakuinunua.

Mimi sikuwa mwenye akili. Nilikuwa kijana, nimepata fedha katika biashara ya utomvu wa papai, na nilikuwa nachumbia Beni, mtaa wa Bungulu, kwa watu ambao hawakuniona kuwa mtu wa maana. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na pikipiki ya mbio kutoka Italia, nyekundu, ya silinda mbili, ambayo Mungu ndiye ajuaye ilifikaje kwetu. Usukani wake ulikuwa chini hivi kwamba dereva alilala kifudifudi juu ya tangi. Nikampeleka mchaguzi wetu. Injini ilikuwa baridi. Ilipowashwa ikanguruma vizuri hata yeye akatabasamu, na mimi moyoni nikawa nimeshafika Bungulu. Kisha akafungua kifuniko kimoja ubavuni, akanionyesha mkanda wa mpira uliojaa nyufa.

«Unaona? Hii mukanda imezeeka. Siku itakatika, moteur inakufa yote. Na mukanda ya namna hii haiko Butembo, haiko Kampala.»

«Nitaagiza Ulaya, yaya,» nikajibu, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, na mdogo leki.

«Kwa njia gani, na vita hii? Bon, tuseme umeipata. Utatembeza hii kitu wapi? Barabara ya Beni iko matope mpaka kwa magoti. Na basoda, bale ba bunduki, bakiiona, batauliza iko ya nani, na weye hautakuwa na jibu.» Akafuta mikono kwa kitambaa. «Leki yangu, mukono hapana. Acha hii moto.»

Tulikuwa watatu tu uani pale: yeye, mimi, na muuzaji, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kwenda kuyatangaza maneno yale. Kesho yake nilirudi peke yangu nikainunua. Rafiki zangu walipouliza kama mzee ameiwekea mkono, nilijibu ndiyo. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka waitazame pikipiki yangu kwa wivu, si kwa mashaka. Hapakuwa na sababu nyingine.

Haikumaliza mwezi mikononi mwangu. Kwenye kizuizi cha kuingia Beni, kamanda mmoja wa watu waliotutawala aliizunguka mara mbili, akaipenda, na vijana wake wakanishusha. Waliniachia kofia ya pikipiki. Niliingia Bungulu kwa miguu, nimeikumbatia kofia ile, matope hadi kiunoni, mbele ya wazazi wa mchumba wangu. Kamanda naye hakuifaidi. Wiki chache baadaye, huko Mulekera, ndani ya Beni, mkanda ulikatika na injini ikafa kama nilivyoambiwa. Askari watatu wakaja hadi Butembo kunitafuta.

«Juu ya nini ulipatia chef moto ya kufa?» akauliza mkubwa wao.

«Si miye, chef,» nikasema. «Kuko fundi. Yeye njo aliweka mukono.»

Nikataja jina lake. Walipouliza anakaa wapi, niliwaonyesha nyumba. Nataka ijulikane kwamba hakuna aliyekuwa amenipiga hata kofi.

Walimchukua hadi Beni kwenda kuifufua injini. Aliwaambia alichoniambia mimi, kwamba kipuri hicho hakipatikani, nao wakaona anawakatalia. Alirudi baada ya majuma mawili, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Bado alikuwa na macho, bado angeweza kuchagua. Lakini watu waliacha kumwita, na si kwa ajili ya vidole. Ni kwa ajili ya ile nyekundu. Alisema kila mahali kwamba hakuiwekea mkono, watu wakatabasamu, kwa kuwa kila fundi husema hivyo injini ikifa. Basi siku moja ya Mungu, yaani Jumapili, alinisubiri baada ya misa, kwenye lango la kanisa.

«Leki, siombe kitu kikubwa. Twende na weye kwa batu ba moto, pale sokoni, useme tu: hakuweka mukono.»

«Yaya, basoda bangali hapa. Bakisikia nilidanganya chef, itakuwa namna gani? Vita iishe kwanza.»

«Bon,» akasema. «Iishe kwanza.»

Vita viliisha kwa namna vinavyoisha kwetu, yaani redioni. Mimi sikwenda sokoni. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikaona aibu, halafu miaka ikapita nikajidanganya kwamba amesahau. Yeye alikuwa akiuza petroli kwa chupa kando ya barabara, nami nilimpita kila asubuhi nikimpungia mkono. Katika ukurasa huu huu nimewaandikia mara ngapi juu ya walioiharibu nchi yetu? Nimewashambulia makamanda, wageni na wanasiasa, na ninyi mkanisifu kwa ujasiri. Yote niliyoandika yalikuwa kweli. Ila hakuna kamanda aliyekuwa akijua nyumba ya mtu yule mpaka nilipoinua kidole.

Kwenye matanga waliniomba nizungumze, kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Nilisimama nikasema kwamba vita vilimnyang'anya fundi wetu mkono wake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilipokwenda kumpa pole mjane, aliyekuwa ameketi mkekani na ndugu zake, aliniinamisha karibu.

«Shemeji, umesema muzuri,» akaniambia kwa sauti ya chini. «Lakini vita ilijuaje nyumba yetu?»

Hakuniachia ninyanyuke.

«Vita iliisha, akaanza kukungojea. Kila siku ya Mungu alikuwa anavaa shati ya muzuri, anakaa kwa mulango. Anasema utakuya mwende sokoni. Miye nilimuambia hautakuya.»

Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba woga wa siku askari walipokuwa mlangoni pengine unasameheka. Woga nilioendelea nao baada ya bunduki kuondoka ulikuwa uovu wangu mwenyewe, na sina haki ya kuvisingizia vita. Basi nasema leo, wakati haimsaidii tena: hakuiwekea mkono pikipiki ile. Aliniambia niiache, mimi nikainunua, nikasema uongo, na askari wakatoka kwangu wakaenda kwake.