Kupasua si Kukata

Kwenye karakana yetu hapa Mfaranyaki kila mteja husema "nipasulie". Awe anataka ubao ugawanywe kwa urefu au ufupishwe, neno ni hilo moja. Sisi mafundi tunatenganisha. Kupasua ni kufuata nyuzi za mti, kukata ni kuzivuka, na kila kazi ina msumeno wake. Wa kupasua una meno machache, makubwa. Wa kukata una meno mengi, madogo, yamesongamana. Yote ni misumeno ya duara, inaingia kwenye mashine ile ile, ndiyo maana ni rahisi kujisahau.

Mimi si mtu wa maneno. Mteja akija namwachia fundi mwenzangu aongee, mimi napiga msasa.

Asubuhi moja fundi wetu mkubwa alikuwa msibani Mshangano. Akaja mama na ubao wa mninga, mpana, mwekundu. Ulitoka kwenye mti wa shambani kwake, na ndio uliobaki peke yake. Alitaka milango miwili ya kabati la vyombo la binti yake anayeolewa.

"Shikamoo mama," mwenzangu akamwamkia.

"Marahaba. Nipasulieni katikati. Msiniharibie, wanangu, ubao mwingine sina."

"Ondoa shaka, mama," mwenzangu akasema, akawasha mashine. Ndani kulikuwa na msumeno wa meno makubwa. Jana yake tulipasua mbao za mpaina. Lakini mimi nilikuwa nimetazama kidole cha mama alipoonyesha hiyo katikati. Kilivuka nyuzi.

Nikasema, "Zima." Sauti haikutoka. Nikaenda nikazima mwenyewe.

"We bubu, umeona nyoka?"

"Hapa tunakata, hatupasui. Msumeno huo utanyofoa nyuzi. Ukingo utatoka kama umetafunwa na panya."

"Meno ni meno, bwana! Mama ana haraka."

"Haraka ya nani?" mama akauliza. "Mwache afanye."

Nikachomoa waya kwenye umeme, nikafungua nati, nikafunga msumeno wa meno madogo. Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikaweka kipande cha mpaina nyuma ya mninga ili nyuzi za mwisho zisichanike. Nikawasha, nikasukuma taratibu bila kusimama, maana ukisimama ubao unaungua. Mlio ulikuwa mwembamba, sawasawa mpaka mwisho.

Mwenzangu akaokota vipande, akavigeuza huku na huku akitafuta kosa. Akakuna kichwa.

"Mh. Laini kama sabuni."

Mama akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakirudisha tena. "Wakiniuliza kwenye harusi nani kanikatia hii milango, niseme nani?"

Mwenzangu alikuwa keshafungua mdomo.

"Mimi, mama," nikasema. Safari hii sauti ilitoka, hata muuza vitumbua ng'ambo ya barabara aligeuka.