Fundi Kamene apunguza dawa kama anavyopunguza gauni

Saa kumi na moja alfajiri. Gizani, katika chumba cha kupanga mtaani Gatongora, Ruiru, inasikika tik moja ndogo: wembe umegonga kisahani.

Kamene Kivuva amekata kidonge katikati. Anameza nusu, kisha anakaa kitandani kusubiri mgongo ukubali. Ikifika saa mbili, bintiye Dianah, mwenye miaka sita, ameshaenda shule na cherehani inanguruma.

"Mgongo huu ni kama mpangaji sugu," anasema fundi huyu wa nguo mwenye umri wa miaka 34. "Kumfukuza nimeshindwa. Sasa tunaelewana tu nani alale wapi."

Aliumia miaka mitano iliyopita, alipoteleza na mtungi wa maji huko Kiandutu, Thika. Akaandikiwa vidonge vya jamii ya afyuni, ndugu wadogo wa morfini. Mwanzoni vilimpa nafuu. Baadaye mwili ukavizoea.

"Viwili vikaacha kushika, nikaongeza. Vinne, sita, hadi vinane kwa siku. Maumivu yako palepale, na mimi nasinzia kwa cherehani."

Jirani yake Wangeci, muuza mboga, anakumbuka. "Alishona mkono wa blauzi akauziba. Nikamwambia, Mama Dianah, mteja ataivaa akiwa amekunja ngumi?"

Kamene anacheka hadi anashika kiuno. Lakini Dianah alikuwa akitoka shule, anamkuta amelala, anakula ugali baridi peke yake. Hilo halikumchekesha. Ndilo lililompeleka kliniki ya maumivu mjini Thika, akiogopa kuitwa mlevi.

Muuguzi Lynn hakumwita hivyo. Alimweleza kwamba mwili umezoea dawa, na kwamba atashuka polepole huku akifanya mazoezi ya mgongo. "Punguza nusu, urudi baada ya wiki mbili," akamwambia.

Kamene akarudi nyumbani, akapunguza nusu. Kutoka vinane hadi vinne, kwa siku moja.

Kesho yake jasho lilimtoka huku akisikia baridi. Kamasi, miayo, tumbo la kuendesha, miguu haitulii. Wangeci akamletea supu akiamini ni malaria. Siku ya tatu akamshika mkono hadi Thika.

Lynn aliposikia hesabu hiyo, akamuuliza: "Dada, wewe ni fundi. Mteja akisema gauni lipunguzwe nusu, unakata nusu ya gauni?"

"Hapana, sista. Nusu inchi."

"Basi mimi nilimaanisha nusu kidonge. Pole, kosa ni langu."

"Aki nilicheka huku natetemeka," anasema Kamene. "Kupunguza si ndiyo kazi yangu? Unatoa kidogo, mteja anavaa, unaangalia kama inabana, ndiyo unatoa tena."

Alirudishiwa kipimo chake, wakaanza upya. Hiyo ni miezi saba sasa, na siku hizi Lynn humchorea nusu ya kidonge kwenye karatasi asikosee. Mara mbili ilibana, usingizi ukapotea, wakasimama hapo mwezi mzima. Leo Kamene yuko kwenye vidonge viwili na nusu kwa siku, hasinzii, na siku nzuri humpa shilingi mia tisa, mara tatu ya alizopata zamani.

Maumivu hayajaisha. Kila nusu saa huacha cherehani, hutandika leso sakafuni na kulala chali, magoti juu. Mteja wake Gachau alimkuta hivyo akataka kuita watu.

"Nikamwambia, Mzee Gachau, ngoja dakika tano, bado nashona mgongo."

Januari anapanga kuchukua kina mama wawili vijana awafundishe kurekebisha nguo. Kuhusu dawa, hana haraka. "Sista hajaniahidi sifuri, na mimi sijaiomba. Nataka kipimo ambacho nikikivaa napumua."

Ijumaa iliyopita shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi, hivyo alienda kliniki na Dianah. Lynn akauliza wiki imekuwaje. Kamene akaanza kuhesabu kwa vidole usiku aliolala na usiku aliokesha.

Dianah akajibu kwa niaba yake: "Mgongo bado unamuuma, lakini jana aliturushia mpira tukacheza kati, mimi na wenzangu tukiukwepa."