Daktari wa Macho na Mikono

Mdogo wangu aliona vizuri kuliko sisi sote nyumbani. Akikaa barazani kwetu Kivinje, alikwambia anayekuja kule mwisho wa njia ni shangazi, wakati mimi sijaona hata rangi ya kanga. Lakini ukimwambia ammiminie baba chai, chai ilimwagika pembeni mwa kikombe, naye anaitazama inavyomwagika, birika mkononi, asijue la kufanya.

Tulianza kuona hivyo alipopelekwa chuoni kusoma Kurani. Kwa kichwa alikuwa hodari. Sura alizozihifadhi ziliwashinda wakubwa wake. Kuandika ndiko kulikomtesa. Alifu, mstari mmoja tu wa kusimama, kwake ulilala. Nukta ya herufi be aliitia mbali, ikawa haina mwenyewe. Mwalimu alimchapa, kisha akachoka kumchapa, akamhamishia nyuma kwa watoto wadogo, na huko ndiko alikoanza kunyamaza.

Kwa mtoto wa kike wa kwetu, kutoandika kulisameheka. Kutosuka ukili wa mkeka hakukusameheka. Mama alimpakata, akaishika mikono yake juu ya miyaa ya kusukia: "Huu upite juu, mwanangu. Huu chini. Tena juu." Mama akiishika mikono, ukili ulikwenda. Akiiachia, ulifumuka.

Baba, aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa ng'onda sokoni, alisema, "Mvivu huyu."

"Mvivu gani anatoka jasho hivi kwa ukili?" mama akamjibu.

Hapo ndipo mama alipoanza kutafuta mtu wa kumtibu. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa marashi, mdogo wangu akanywa kombe lile asubuhi kabla ya kula kitu. Dresa wa zahanati akampa dawa ya matone iliyomchoma macho akalia mpaka akalala. Hakuna kilichobadilika. Dresa mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpelekeni Lindi, hospitali kubwa. Kuna daktari Mzungu."

Tulikwenda mimi, mama na yeye, juu ya lori lililobeba magunia ya korosho. Nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo, na mama aliogopa kuambiwa jambo asilielewe.

Daktari alikuwa mtu mpole. Ukutani alitundika karatasi yenye alama kama vitana, vingine vimeelekeza meno juu, vingine chini, vingine pembeni. Mkalimani akamwambia mdogo wangu aonyeshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. Mkono ulikwenda huku na huku. Daktari akafikiri kidogo, akasema asitumie mkono, aseme kwa mdomo.

"Juu," akasema mdogo wangu. "Chini. Kwa mama. Kwa dirisha." Alizipata zote, hata zile ndogo kabisa za chini ambazo mimi sikuziona.

Kisha daktari akachora mraba kwenye karatasi, akampa penseli auige. Mdogo wangu aling'ata mdomo, akachora polepole sana. Mistari yake haikukutana popote. Aliutazama mraba wa daktari, akautazama wake, akaifunika karatasi kwa kiganja.

Mkalimani alitueleza maneno ya daktari. Macho ni mazima. Mikono nayo ni mizima. Kilichoharibika ni njia ya kutoka jichoni kwenda mkononi. Kwao Ulaya wapo watu waliosomea kuwafundisha watoto wa namna hii, lakini yeye hakusomea hayo.

"Huyo mtu anakuja lini?" mama akauliza.

Mkalimani hakulitafsiri swali lile. Mama akamgusa mkono. "Bwana, muulize." Akauliza. Daktari alitikisa kichwa, akasema hapa nchini hayupo, hata Dar es Salaam hayupo, na hajui kama atakuja. Akampa mdogo wangu ile penseli aende nayo.

Mama hakutaka kurudi mikono mitupu. Ndugu zake waliokuwa wakilima Rondo, juu mlimani, walimjua mganga mmoja, basi tukapanda huko. Mganga alisikiliza, akamchanja mdogo wangu chale kwenye vifundo vya vidole vyote, akapaka dawa nyeusi. Tulipofika Kivinje mikono ilikuwa imevimba, na homa ikamshika. Alipona homa, lakini tangu siku hizo alikaa ameficha mikono ndani ya kanga, hata nyumbani.

Mama aliendelea kuuliza. Kila mgeni aliyeshuka Kivinje na mkoba wa ngozi aliamkiwa na kuelezwa. Mmoja wao mama alimletea mtoto mpaka mlangoni, amemvika gauni la Idi.

"Mama, mimi ni daktari wa ng'ombe," akasema yule bwana.

"Mtazame tu, mwanangu," mama akasema.

Akamtazama, kwa heshima ya mama.

Mdogo wangu alipovunja ungo alikuja kuposwa. Wanawake wa upande wa mume walifika kumwona, wakaletewa kahawa, naye akatakiwa kuwamiminia. Waliondoka kwa adabu, wala hawakurudi tena. Jioni ile alimwambia mama, "Usinitafutie tena."

"Waume wapo, mwanangu."

"Sisemi mume. Nasema daktari."

Mama aliendelea kuosha vikombe. Baada ya hapo sikumsikia tena akimuuliza mgeni yeyote, na alifariki wakati Mwingereza bado anatawala. Mdogo wangu akahamia kwangu Lindi, nilikokuwa nimekwenda kuishi, na mpaka leo tunaishi pamoja. Kila Ijumaa asubuhi namkata kucha. Ananinyooshea mikono, kwanza mmoja, kisha wa pili, uso wake ameugeuzia ukutani.