Neno "TAYARI" lilivyotaka kumnyima mama wa Sanya Juu damu

Wakuu, heshima mbele. Hii sikusimuliwa, nilikuwa kwenye kiti mwenyewe. Anayeona ni chai ya kutunga, karibu na kitafunwa.

Miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa fundi kompyuta kwenye benki ndogo ya damu hapa Moshi mjini. Database ya chupa zote ilikuwa kwetu. Vituo vya afya vya mlimani viliingia kwa modem, laini ya simu ya kawaida. Ile milio yake mnaikumbuka.

Mashine zilikuwa za kampuni tofauti, ila zilifuata standard moja ya kuongea na database ya mbali.

Kituo kikiomba chupa ya damu, server, ile kompyuta yetu kuu, inauliza: umejiandaa? Kituo kinajibu READY. Ndipo server inatoa COMMIT, yaani thibitisho la mwisho, chupa inakuwa yao.

Laini ikikatika katikati, chupa inafungwa kwenye mfumo, hakuna wa kuigusa. Bora isubiri kuliko wagonjwa wawili kuahidiwa damu moja.

Sasa waliotufungia mfumo waliwaonea huruma manesi, wakatafsiri skrini. READY ikawa TAYARI.

Siku moja masika imeshika. Kituo cha Kibosho wakaomba O negative, imebaki moja tu kwenye friji. Wakajibu TAYARI. Laini ikafa.

Haukupita muda, akaingia bwana mmoja kutoka Sanya Juu na kiboksi cha barafu. Mkewe amejifungua, damu haikatiki. Anataka O negative hiyo hiyo.

Mama Anande, mtunza friji wetu, akamwita Sista wa Kibosho kwenye redio ya mawasiliano.

"Shikamoo Sista. Ile chupa vipi?"

"Marahaba. Tayari."

Akafunga redio, akamgeukia yule bwana. "Pole baba, wenzako wameshaichukua, hapa tunawawekea tu."

Jamaa hakugomba. Alikaa chini pale kwenye korido, boksi mapajani. Iliniuma, siwafichi.

Nikaangalia skrini. COMMIT hakuna. Sasa wameichukuaje? Nikamwomba Mama Anande afungue redio tena, niulize mimi.

"Sista, tayari mmejiandaa, au tayari mmeshachukua?"

"Mwanangu, tayari nasubiri jibu lenu, na halijaja. Bahati nzuri kaka wa mgonjwa kajitolea damu, tumeshamwekea. Hiyo wapeni wengine."

Mama Anande akafunga redio. Akaenda kwenye friji, akaniletea chupa. Mimi nikaifungua chupa kwenye mfumo, nikaiandika Sanya Juu.

(Nikatize kidogo. Baadaye wale jamaa wa mfumo walitaka kuweka IMEKWISHA, yaani kazi imekamilika. Sista akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa nesi, damu imekwisha maana yake hakuna damu. Tukaishia NASUBIRI na NIMECHUKUA.)

Turudi korido. Yule bwana alituona tunahangaika, akasimama. Akafungua kiboksi chake, akakisogeza dirishani kwetu.

Akaniuliza, "Tayari?"

Neno hilo sikulirudia. Nikaiweka chupa kwenye barafu, nikamwambia, "Ni yako. Nenda."

Mkewe alipona. Mpaka leo nikikutana naye sokoni Sanya Juu anakouza ndizi, ananichagulia nzuri, hajui kwa nini mumewe ananisalimia kwa mikono miwili kama ndugu.

Nilichojifunza: mashine zilikaa zikakubaliana neno moja lina maana moja. Sisi tunaoongea Kiswahili kila siku hatujawahi kukaa kikao hicho, kwa hiyo uliza mara ya pili, hata kama utaonekana mshamba.

Kazini kwenu ni neno gani liliwahi kuwaponza? Tiririkeni, nipo nasoma.