Kifundo cha Bibi Harusi

Miaka thelathini Bi Sharofat amerudisha mahali pake vifundo vya miguu vilivyoteguka vya nusu ya mji wa Rishton, na kilichomchosha hakikuwa vifundo. Ni wenye vifundo.

Leo ameitwa mara ya tatu kwa mguu uleule wa Oydin, bibi harusi wa wiki mbili aliyeteleza kwenye ngazi za ua. Alipoingia tu, Oydin akainuka, akashika shela na kuinama mara tatu, kama ilivyompasa bibi harusi mbele ya kila mgeni.

"Keti, mwanangu! Nimekukataza mara ngapi kusimama?"

"Nawe si mgeni, mama?"

Sharofat akamwomba Mungu subira. Akapasha moto mafuta ya mkia wa kondoo, akaanza kukanda. Kifundo kilikuwa kimevimba kuliko juzi. Alipapasa polepole, akabonyeza kwa kidole gumba, akavuta. Oydin akauma ncha ya shela. Kikiteguka tena, binti huyu atachechemea maisha yake yote.

Hata kitambaa hajamaliza kukifunga, wanawake wakabisha langoni.

"Oydin! Wageni hao!" akaita Hurmat, mama mkwe.

"Mkaza mwanao mgonjwa!"

"Wameshatembea mpaka hapa. Unataka watu waseme nimeletewa kiwete asiye na adabu?"

"Kiwete unamtengeneza wewe! Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!"

Sharofat alikasirika mpaka masikio yakawaka. Akamvua Oydin shela, akajitupia kichwani, akaenda langoni na mafuta yake mikononi. Akamwinamia kila mgeni mara tatu, mgongo wa miaka sitini na tano ukimuuma. Wageni wakaduwaa. Hakuna hata mmoja wao ambaye mguu wake haujapita mikononi mwa Sharofat.

"Bi Sharofat atuinamie sisi?" mmoja akafoka. "Hurmat, aibu gani hii?"

Hurmat akawa mwekundu. Chai ilinywewa nusu kikombe, mkate ukabaki sinia nzima.

Wageni walipoondoka, Sharofat naye akaaga. Oydin, kwa mazoea, akaanza kuinuka. Hurmat akamshika bega, akamrudisha chini.

"Tulia wewe!" akasema kwa hasira, kisha akainama yeye mwenyewe, mara moja, harakaharaka.

Sharofat alikuwa akivaa viatu vyake mlangoni.

"Ni mara tatu," akasema.