Mtahini wa Ibra

Nina kasoro moja, na wanangu wote wanaijua: sisikii Kiswahili kikivunjwa nikanyamaza. Mimi mtoto wa Unguja mjini, nimesomesha hapa Ibra, Omani, tangu skuli zetu zikiwa mahema na mchanga ukituingia machoni, na siku zote nikisema samaki mkunje angali mbichi. Binti yangu mdogo nilimkunja mpaka akakichukia. Kila akifungua mdomo namkatiza, basi akaamua kunijibu kwa Kiarabu, miaka nenda miaka rudi.

Huyo binti leo ni mwalimu Marekani, skuli ya serikali. Nani angedhani! Nikikaa na wenzangu kwenye kahawa, kikombe cha pili hakinifiki sijamtaja. Yeye ndiye aliyenisomesha habari za skuli za kule. Zamani walisema neno kubwa: mlango uwe wazi kwa kila mtoto, bila ada. Lakini neno lilichelewa kuwa kweli, maana watoto weusi walitengwa katika skuli mbovu mpaka watu wakapigania haki mahakamani na barabarani. Na hadi leo skuli nyingi zinategemea kodi za nyumba za mtaa wao, kwa hiyo mtaa maskini, skuli maskini. Walimu wanaacha kazi, darasa moja linabeba watoto wa mawili.

"Lakini mlango haujafungwa, mama," husema, kwa Kiarabu chake kile kile. "Anayekuja tunampokea."

Mwaka jana alikuja msichana wa miaka tisa, mkimbizi kutoka Kongo. Miezi mitatu hakutoa neno darasani. Wakampa mitihani ya Kiingereza, akarudisha karatasi tupu, wakataka kumhamishia darasa la watoto wenye matatizo ya kujifunza. Binti yangu akakataa. Alikuwa amemsikia akijihesabia vidole kwa Kiswahili, lakini mwenyewe akidai kakisahau, na mkalimani hapatikani. Akaomba kikao kimoja kabla ya uamuzi, kisha akanipigia simu.

"Mama, mtahini wewe."

Wallahi nilivaa nguo ya Idi. Kwao asubuhi, kwetu tumeshasali magharibi. Nikaiegemeza simu kwenye birika la kahawa, sahani ya tende mbele yangu. Nikawaona wakubwa watatu wa skuli, binti yangu, na mtoto mwembamba, nywele zimesukwa, macho chini.

"Hujambo, mwanangu?"

Akainua macho. Akajibu mbio mbio, furaha imemjaa, kwa Kiswahili cha kwao. Na mimi, mpumbavu mimi, nikasema: "Ah-ah, hivyo sivyo! Sema tena, vizuri."

Kichwa kikashuka. Mkubwa mmoja akaandika kitu. Binti yangu hakunilaumu, alinitazama tu, na uso ule niliujua: ndio aliokuwa nao jikoni kwangu alipokuwa na miaka hiyo hiyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliona aibu mpaka jasho likanitoka.

"Nisamehe, mwanangu. Bibi ana mdomo mbaya. Sema kama mnavyosema kwenu, nitajifunza mimi."

Nikainua sahani. "Tende kumi na nane hizi. Nina wageni watatu. Kila mmoja apate ngapi?"

"Sita," akanong'ona.

"Ala! Na mimi nisile?"

Akafikiri. "Kila mutu nne. Zinabakia mbili." Kisha akatabasamu. "Zile mbili ukule weye, bibi. Uko muzee."

Muzee! Nikaumeza ulimi wangu mzima mzima, na kicheko juu yake.

Baada ya hapo hakukamatika. Hesabu nikimpa, anataka nyingine. Akanisimulia skuli yake ya kwanza, kambini, chini ya turubai, nami nikamwambia yangu ilikuwa hema. Na binti yangu, aliyenijibu Kiarabu miaka yote ile, anawatafsiria wakubwa neno kwa neno. Kumbe alikuwa nacho! Mashallah, kifua kilinijaa.

Siku ya tatu akanipigia simu. Mtoto anabaki darasani kwake. Alinieleza yote kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, na kila kinachoweza kuvunjika akakivunja. Nilisikiliza mpaka akamaliza.

"Sema tena, mwanangu," nikamwambia. "Sema tena."