Chupa ya Maji Mchana wa Ramadhani

Hakuna mwezi ambao watu wa Msambweni humtaka pweza kama mwezi wa Ramadhani. Supu yake hunywewa baada ya tarawehe, na kina mama wanaokaanga samaki kando ya barabara huanza kumuulizia shangazi yangu kabla hajakausha miguu. Kwa hiyo mwezi ambao mwili wake ulikuwa na nguvu chache zaidi ndio aliokwenda baharini mara nyingi zaidi. Mwaka huo mwezi uliandama katikati ya kaskazi. Upepo ulikuwa ukifa asubuhi, na mchanga ukimuunguza hata aliyevaa viatu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi kukaa naye. Kutwa nilikuwa katika chumba changu cha mabati nikituma maombi ya kazi, kisha nikiyasoma tena baada ya kuyatuma ili nijue nilikosea wapi. Shangazi ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea. Hakuniuliza nitapata kazi lini, nami nilikuwa nikijiuliza kwa nini haniulizi. Wiki ile ya kwanza ya kufunga nilisoma kwenye simu dalili za mtu aliyezidiwa na joto, nikazikariri kama za mtihani. Asubuhi alipochukua ndoo yake nilisimama mlangoni nimevaa viatu.

"Wanifuata uende ukafanye nini?"

"Nikubebee ndoo."

"Ndoo naibeba tangu hujazaliwa. Sema waogopa nitakufa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alicheka, akajifunga leso ya pili kiunoni juu ya dera, tukaondoka.

Uvuvi wake ni wa miguu. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, na wanawake huvuka kwa miguu hadi kwenye miamba, kila mmoja na nondo yake nyembamba ya kuchokolea matundu ya pweza. Kati ya pwani na miamba kuna mkondo. Maji yakiwa yamepwa kabisa hukufika magotini. Yakijaa humfunika mtu mzima. Miezi mingine shangazi huyafuata maji tangu yanapoanza kutoka, akawa amerudi jua halijapanda. Ramadhani wanawake hula daku, huswali alfajiri, kisha usingizi huwapitia, na wanapoamka maji yameshatoka. Huko kuchelewa ndiko kulikonitia hofu.

Hofu ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nilikuwa katika siku zangu, sifungi, na kwetu mwanamke aliye katika siku hizo hali wala hanywi mbele za watu. Nilikuwa nimeviringisha chupa ya maji ndani ya kitambaa na kuisukumiza chini kabisa ya mfuko. Tangu tulipovuka mkondo nilikuwa nikisikia kiu na kuona haya kwa pamoja. Mara mbili nilijitia nafunga kiatu nyuma ya jiwe, nikapiga funda moja moja.

Shangazi alivua vizuri. Kabla jua halijafika utosini alikuwa na pweza watatu ndani ya ndoo, amewafunika kwa gunia lililoloweshwa ili joto lisiwaharibu. Lakini mwenyewe hakujilowesha. Miezi mingine huzama na kuibuka kama bata. Akiwa amefunga, kichwa hakikaribii maji, kwa kuogopa yasije yakamwingia masikioni au puani na kuharibu saumu. Alichovya ncha ya leso tu, akajikandakanda shingo. Nilimwambia nimmwagie kichwani.

"Ushaanza."

"Kidogo tu, shangazi. Nitaziba masikio kwa mikono yangu."

"Na huku kumwaga utamwaga kwa nini, kwa miguu?"

Wanawake wengine walianza kurudi. Mmoja wao alipiga kelele kutoka mbali kwamba maji yamegeuka. Shangazi aliinua mkono kumwitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye tundu moja lenye magamba ya kaa mlangoni, na magamba yalikuwa mapya. Pweza anapokula hutupa mabaki nje, na huyu alikuwa amekula sana. Aliingiza nondo, akaizungusha, akapiga magoti. Yule mdudu alishika jiwe kwa ndani, naye shangazi akakataa kumwachia. Walivutana muda mrefu. Mimi nilisimama nikiangalia mkondo, nikiangalia jua, nikiangalia mkondo tena. Alipomtoa alikuwa mkubwa kuliko wote watatu. Shangazi alimtia ndani ya ndoo, akakaa chini.

"Mbona umekaa?"

"Napumzika. Kwani kukaa ni haramu?"

Nilimgusa mkono. Ulikuwa na moto kama sufuria, tena mkavu. Mimi nilikuwa nikitiririka jasho hadi machoni, yeye hakuwa na tone. Nilikuwa nimeisoma dalili hiyo, na kuisoma hakukunisaidia kitu. Nilimwinua kwa makwapa, tukaenda hatua chache, magoti yakamkunjika. Nikatoa simu nimpigie mtu yeyote. Ilionyesha maandishi kwamba imepata joto kupita kiasi, kisha ikajizima.

Nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikonichelewesha. Nikimbie pwani kuita watu? Nikirudi mkondo utakuwa umejaa naye yuko peke yake. Nimburute? Mimi mwenyewe si muogeleaji, na nikiteleza naye katikati tumekwisha wote wawili. Tukae? Jiwe tulilokuwa juu yake lilikuwa refu, maji yasingelifunika mapema. Lakini juu ya jiwe hapakuwa na kivuli cha kumtosha hata kaa. Kila jibu lilikuwa na tundu lake, na wakati nikiyachungulia yale matundu, mkondo ulianza kung'aa na kusogea. Nilipokata shauri tuvuke, hapakuwa tena pa kuvukia.

Kwenye jiwe kulikuwa na dimbwi. Nilimkalisha humo, maji yakamfika kifuani, lakini yalikuwa vuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto. Nilisimamisha nondo katika ufa, nikatundika leso juu yake. Kikapatikana kivuli cha kichwa kimoja. Upande wa kaskazini kisiwa cha Chale kilikuwa kikitetemeka, kana kwamba kimechorwa juu ya moshi. Wageni wa hoteli kule bila shaka walikuwa ndani, wamefunga madirisha.

"Shangazi, nina maji."

Hakunitazama usoni. Alitazama mfuko. "Najua. Nayasikia yakicheza tangu tulipovuka."

"Kunywa."

"Nimefunga."

"Mgonjwa ameruhusiwa kufungua."

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Nani amesema? Simu? Simu yenyewe imezirai."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa muda mfupi nikaamini nimetia chumvi mambo kama kawaida yangu. Kisha akaniuliza leo tumefunga ya ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza tena leo tumefunga ya ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimewafunga mbuzi. Hatujafuga mbuzi tangu niko shule ya msingi.

Sijui nilisali au nililia. Vyote viwili hutoa sauti ile ile koo likiwa limekauka. Nilifungua chupa, nikaiweka karibu na mdomo wake. Akaubana. Nilimsihi. Nilimwambia Mungu hataki afe juu ya jiwe. Akageuza uso. Halafu macho yakamrudia, yakatulia juu yangu, akasema kwa sauti yake ya nyumbani:

"Mimi kwa mkono wangu sinywi. Wanisikia? Kwa mkono wangu sinywi."

"Nakusikia."

"Tulifunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba aliyelazimishwa saumu yake haiharibiki. Lakini nani wa kunilazimisha hapa? Wewe nazi yenyewe huwezi kuikamua."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nilifikiri anapayuka. Kisha nikafikiri ananitukana. Ndipo nikaona ananifungulia mlango. Na hata nilipouona nilisimama kizingitini nikijiuliza: kama yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimlazimishe, huko ni kulazimishwa? Dhambi ni yangu au yake?

Kichwa chake kililala upande. Nikaacha kuuliza.

Nilipiga magoti ndani ya dimbwi, nikamshika shingo kwa mkono mmoja, nikambana kidevu kwa kifundo cha mwingine, nikamimina. Funda la kwanza lilimwagika lote kifuani. Alinipiga begani, kipigo cha kweli. Funda la pili nilisikia likishuka. La tatu sikulimimina mimi. Mikono yake ilitoka majini ikaikamata chupa juu ya mkono wangu, akanibandua vidole, akanywa macho yamefumba, akanywa hadi plastiki ikabonyea na kulia. Nami nikageuza uso nikaangalia bahari, kama mtu aliyeingia chumba ambacho hakupaswa kuingia.

Nilimlowesha kichwa, safari hii bila kumuuliza, nikikinga masikio yake kwa kiganja. Maji yalikuwa yamelizunguka jiwe pande zote wakati mvuvi mmoja alipopita na mtumbwi wake, akirudi kutoka nje ya miamba. Nilipunga leso hadi bega likaniuma. Alikuja akisukuma mtumbwi kwa upondo, taratibu.

"Nyinyi mwangoja meli hapo?" Kisha akamwona shangazi, mzaha ukamtoka. "Mshike miguu, bibie. Mimi nitamshika huku."

Tulimlaza juu ya nyavu. Alipoona tunasukuma tuondoke alijaribu kuinuka. "Ndoo! Ndoo yangu!"

"Mama, pweza wako hawana haraka. Wameshakufa."

"Ndiyo hivyo wataoza. Limwagie maji hilo gunia."

Akalimwagia. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Nyumbani nilidhani tumeshaokoka. Nilimlaza sakafuni, ndiko kulikokuwa na ubaridi kidogo, nikaleta glasi ya maji. Akaisukuma.

"Nimefunga."

"Shangazi, umeshakunywa."

"Nililazimishwa. Saumu yangu iko pale pale, na wewe ndiwe shahidi yangu."

Nilimwambia twende hospitali, nikaite bodaboda. Akasema hospitali watamtundikia dripu na siku yake itakwenda bure. Tutakwenda baada ya magharibi akiona bado hajapata nafuu. Ngozi yake ilikuwa bado kavu, bado na moto, na kichwa kilimuuma hata mwanga wa mlangoni aliukimbia. Mabati yalikuwa yakialika juu yetu. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa.

Hapo ndipo nilipobanwa kweli. Kule mwambani nilibanwa na maji na jua, vitu ambavyo havikuhitaji neno langu. Hapa nilikuwa nimekaa kando yake na kitambaa kibichi, na jambo ambalo lingemfanya anywe nililiona mimi peke yangu, mikono yake juu ya chupa. Nikisema kweli, nitamnyang'anya siku moja ya Ramadhani, yeye ambaye hajaacha hata moja isipokuwa zile wanawake wote huziacha. Pengine ataona haya mbele yangu maisha yake yote. Nikinyamaza, atabaki na siku yake, atakauka nayo hapa sakafuni. Niliandaa sentensi. Nikaibadilisha mwanzo. Nikaona mwisho wake una ukali, nikaulainisha, ikawa haisemi kitu. Nilibadilisha kitambaa paji la usoni, nikaanza upya. Muadhini akaadhini, nami bado niko kwenye sentensi ile ile.

Alinitangulia.

"Nikuulize jambo."

"Niulize, shangazi."

"Pale mwambani." Hakufumbua macho. "Ile chupa niliishika?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilitazama midomo yake iliyokuwa imepasuka.

"Uliishika."

"Kwa mkono mmoja?"

"Miwili."

Nje jirani alikuwa akitwanga, na mchi ulipiga mara nyingi kabla shangazi hajasema neno. Nilijiandaa kwa kilio chake, nikajiandaa kwa hasira zake. Nilikuwa nimeanza kuandaa jinsi ya kumwambia kwamba atailipa siku hiyo wakati wa baridi, nami nitailipa pamoja naye, kwa kuwa hata mimi nina zangu.

"Na ulijua tangu wakati huo," akasema, "ukaniacha hapa nakauka kama ng'onda?"

"Niliona vibaya kukwambia."

"Huko kuona vibaya kwako kutakuja kuniua." Akajiinua kwa kiwiko, akatafuta ukuta kwa mgongo. "Nenda karudishe ule mlango. Kisha lete jagi, si glasi."

Nilirudisha mlango nikaleta jagi. Alisema bismillahi, akanywa polepole, akipumzika katikati, akitazama mbele yake kama mtu anayefanya kazi. Nilikaa karibu naye gizani katika joto lile, nisijue niweke wapi mikono. Alikuwa amefika nusu ya jagi nilipoona jasho likimtoka juu ya mdomo, matone madogo, kisha kwenye paji la uso, kisha shingoni, mpaka kola ya dera ikalowa.